Moyo wa Paka Aliyetoka kwa Seif

Jumatatu, 6 Novemba 1961
Seif, jirani yangu fundi cherehani, kanipa mtoto wa paka. Bure! Eti kasikia panya wananimalizia mchele stoo. Kasikia kwa nani? Mchele nimeutoa mwenyewe kule Magu, yeye unamhusu nini? Paka ni wa kijivu, mpole, mdogo kuliko ndugu zake. Paskazia, mke wangu, kampa jina Waziri. Eti mwezi ujao nchi inapata Uhuru na mawaziri wake, na sisi tuwe na wetu. Nimekubali. Lakini Seif namwangalia.

Jumanne, 7 Novemba
Nilijua! Waziri kamkimbiza panya kidogo tu, kisha kakaa chini, mdomo wazi, anahema kama mbwa. Ulimi umeingia ubuluu. Panya kasimama kumshangaa. Sumu hii!
Nikabuni mbinu: nijifanye mteja, nikawakague ndugu zake. Seif akanipokea kwa tabasamu (la nini?), akanipima suruali. Nikiwa nimenyoosha miguu nikawaona: wanene, wanapanda mapazia. Kumbe alichagua! Wazima kabaki nao, mbovu kanipa mimi. Siri sikuipata. Suruali nimeshaagiza.

Jumatano, 8 Novemba
Nimempeleka Waziri kwa Venant, bwana mifugo, nipate ushahidi. Foleni ndefu, ng'ombe wa kutoka Misungwi. Venant akauliza jina la mgonjwa. Nikasema Waziri. Wenye ng'ombe wakavua kofia, wakaanza kutafuta gari lake. Aibu!
Venant akavaa mipira yake ya kusikilizia moyo. Waziri akaanza kukoroma kwa raha. Venant akasema paka akikoroma hivyo moyo hausikiki, akafungua bomba la maji. Waziri akashtuka, kimya. Kwa nini bomba? Anaficha sauti gani?
Akasikiliza sana, upande huu na upande ule. Kisha akashika kidole changu, akakiweka kwenye kifua cha Waziri. Panatetemeka.
"Kama nini, mzee?" akauliza.
Nikasema kama cherehani. Cherehani! Nikamkazia macho. Hakupepesa.
Akaeleza kwamba damu inapita mahali isipotakiwa, ndiyo maana kati ya mapigo kuna sauti, shuu. Moyo una kasoro, huenda ni tundu. Kazaliwa nayo. Umbo dogo, kuchoka upesi, ulimi wa buluu, yote yanaelekea huko. Hakuna aliyempa sumu wala aliyemroga. Tundu liko wapi hasa, kwa vyombo vyake hawezi kujua. Dawa hana. Asikimbizwe tu, asisumbuliwe. Anaweza kuishi miezi, anaweza kuishi miaka.
Kitu kikanichoma ndani. Tumbo, nadhani. Halafu nikajiuliza: koti lile la Venant kashona nani? Seif!

Alhamisi, 9 Novemba
Paskazia anamlisha Waziri sato kwa mkono, huku analia. Nimemwambia asimzoee. Sikumwambia kwa nini. Ndugu mmoja wa Waziri ni wa kijivu vilevile!

Ijumaa, 10 Novemba
Seif msikitini. Nikaingia kwake na kapu, Waziri ndani. Mkewe, Mboni, akanikaribisha vizuri (mno!). Nikasema nimefuata suruali. Akaenda chumbani kuitafuta. Nikamtoa Waziri, nikamtia kapuni yule mwenzake wa kijivu. Waziri akanitazama tu, akakoroma. Mboni akaniletea suruali, nikaondoka mbio. Suruali yenyewe ina mguu mmoja.

Jumamosi, 11 Novemba
Paka mpya kala dagaa wote, kapasua pazia, kaning'ata. Paskazia alimtazama mara moja tu, akajua. Hakupika.
Mchana Seif akabisha hodi. Waziri mikononi mwake, kafunikwa kitambaa cha nguo za sherehe. Eti watoto walimkimbiza uani, akaanguka chini ya meza, mdomo wazi. Seif akamkimbiza kwa Venant. Venant akasema mgonjwa huyu anamfahamu.
"Bwana Masalu, ungeniambia tu," Seif akasema. "Sikujua ana ugonjwa. Nilikuchagulia huyu kwa sababu ndiye mpole kuliko wote."
Akasema nibaki nao wote wawili. Paskazia akampokea Waziri, akamshukuru Seif sana. Mimi hakunitazama.

Jumapili, 12 Novemba
Paka wawili, bure! Nimeliwaza jambo hili ibada nzima. Hakuna binadamu anayetoa paka wawili bure. Isitoshe, Mboni kamwambia Paskazia kwamba Seif kesho anavuka ziwa kwenda Kamanga. Kufanya nini? Nitamfuata kwa mbali, nimejifunga kitenge.
Ninaandika huku Waziri kanilalia kifuani, anatetemeka. Magunia nimeyashusha yote, asipate taabu ya kupanda. Panya nawafukuza mwenyewe kwa ufagio, asije akajaribu. Paskazia kacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano. Eti nimempenda paka. Upuuzi mtupu! Huyu ni ushahidi dhidi ya Seif, na ushahidi lazima uishi.