Duara la Vumilia Nyuma ya Turubai

Jumatatu, 11 Novemba

Likizo yangu ya kazi imeanza. Sitaitumia kulala kama wenzangu wa dukani. Wiki hii nina kazi moja: Vumilia acheze.

Nilipompeleka shule asubuhi, Mwalimu Martina wa darasa la awali aliniita pembeni. Akasema mtoto anahesabu vizuri, anaandika jina lake, anasalimia wakubwa. Nikaanza kutabasamu. Akasema tatizo ni michezo. Wenzake wakijifanya wauza nyanya, manesi, baba na mama, yeye anasimama ukutani, mikono ameikunja, anasubiri aambiwe la kufanya. Mtoto asiyejua kubuni, alisema, atapata tabu darasa la kwanza. Jumamosi atakuja nyumbani kumwangalia. Akimkuta bado yuko hivyo, atashauri abaki awali mwaka mwingine.

Abaki! Mtoto wa Otmar! Mimi niliyekuwa kiranja wa taaluma kidato cha nne!

Nimempigia mke wangu, Paskalina. Yuko Ushirombo kwa dada yake aliyejifungua, anarudi Jumapili. Akasema, "Baba Vumilia, mwache tu acheze." Mwache tu! Agizo lisilo na hatua hata moja ya utekelezaji. Kama kuachwa kunatosha, mbuzi wa Mayala wangekuwa wameshafika darasa la saba.

Mayala ni jirani yangu, ng'ambo ya uzio wa minyaa. Zamani alikuwa machimboni upande wa Bugarama, siku hizi anauza vipuri vya pikipiki hapa Nyasubi na kusikiliza simu za watu. Jioni ameniuliza, mbele ya wapita njia, kama ni kweli mwanangu anakwenda kukaguliwa michezo kama gari linavyokaguliwa breki. Watu wakacheka. Binti yake Elieth ana umri wa Vumilia. Jana, kwa mfuniko mmoja wa sufuria, alikuwa dereva wa bodaboda, kisha padri, kisha bibi harusi. Hana ratiba yoyote yule mtoto. Inasikitisha.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeandaa kona ya michezo nyuma ya jiko. Boksi la televisheni limekuwa ndege. Nimechora madirisha kwa rula. Ratiba nimeibandika ukutani: urubani, udaktari, uhasibu, katikati uji.

Vumilia alipotoka shule nilimkalisha ndani ya ndege na kumfundisha maneno ya rubani. Aliyasema yote bila kukosea, macho mbele, mikono mapajani. Kisha akauliza kwa adabu kama ndege imeshafika, kwa sababu alitaka kushuka akaoshe vyombo.

Udaktari haukwenda vizuri zaidi. Nililala mkekani nikiwa mgonjwa. Nilimwambia ajifanye anatafuta ugonjwa. Alisubiri. Nikamnong'oneza kuwa ni malaria. Akasema, "Ni malaria." Nikapona.

Hapo Elieth akapenya minyaa. Hakubisha hodi. Akaingia kwenye ndege, akaanza kunguruma. Akatangaza kwamba hiyo ni mashine ya kusaga, na kwamba Vumilia alete mahindi upesi, foleni ni ndefu. Vumilia akacheka! Akachota mchanga kwa viganja vyake, akamimina dirishani. Nikakimbia kuwasahihisha. Nikawaeleza kwamba chombo kile kina mabawa, na mashine ya kusaga haina mabawa. Elieth alinitazama kwa huruma, akarudi kwao. Vumilia akakunja mikono.

Tulikuwa karibu kabisa na mafanikio, na yule mtoto ameyavuruga.

Magharibi nimemwona Mayala akiingiza kwake boksi la friji. La friji! Kubwa mara mbili ya langu! Anaiga. Mwalimu akipitia kwake kwanza, mimi ndiye nitaonekana nimeiga.

Jumatano, 13 Novemba

Mkakati mpya: usiri. Nimenunua turubai la bluu dukani kwetu, nikachimbia miti minne nyuma ya jiko na kulizungushia pande zote. Jioni nzima Mayala alinyoosha shingo juu ya minyaa. Nyoosha, ndugu yangu, nyoosha. Vumilia nimemwonya: lililomo ndani ya turubai asimwambie mtu yeyote, hasa Baba Elieth.

Nikatoka kidogo kutafuta boksi la ziada. Kurudi, nikasikia kelele ndani. Sauti ya Vumilia! Anafoka!

Shimo moja la mti nilikuwa nimelikosea, nikaliacha wazi. Vumilia alikuwa amelikalia ukingoni, kitenge cha mama yake mabegani, kijiko mkononi. Shimo limekuwa duara, yaani shimo la dhahabu kama la kule machimboni, na yeye ndiye mwenye duara. Elieth alikuwa ndani mpaka magotini, anatuhumiwa kuficha mawe mdomoni.

"Tema!" Vumilia alisema. "Ukimeza nitakusubiri hapa hapa mpaka kesho."

Sikuamini. Maneno yale hakuna aliyemfundisha. Lakini uchimbaji! Nilisoma ili mwanangu asishuke kwenye duara hata la kijiko. Nikapiga hatua niwaelekeze kwenye urubani. Wote wawili wakapiga ukelele. Nimekanyaga duara na viatu, mwiko machimboni! Mali itakimbia! Mwenye duara akaniamuru nivue, nitoke, nisirudi bila ruhusa.

Nimetoka. Si kwa kushindwa. Nimeamua kusimamia nikiwa nje. Nimewapa karai wapate kuoshea mchanga, nikakaa mlangoni kulinda. Mama mmoja jirani akauliza kuna nini ndani. Nikasema hakuna kitu, nikavuta turubai likafunga vizuri. Mayala akamkuta Vumilia akitoka amefumba kiganja, akamuuliza ameshika nini. Mtoto akajibu, "Baba amesema nisiseme."

Safi kabisa. Mtoto mtiifu. Mayala alibaki ameshika minyaa kama mtu aliyesahau njia ya kwake.

Alhamisi, 14 Novemba

Watu wamekuwa na heshima ghafla. Sijui kwa nini, ila nilistahili siku nyingi.

Alfajiri nilikuta vijana watatu wameegemea uzio, kila mmoja na sululu. Wakanipa shikamoo kwa pamoja. Mimi ni mtu wa miaka thelathini na minne! Nikaitikia marahaba. Baadaye akaja Edward na pikipiki, yule mnunuzi wa dhahabu ambaye huwa hanitambui hata kanisani. Aliuliza hali yangu, ya mke wangu, ya shemeji yangu aliyejifungua. Akasema yeye ni mtu msiri. Nikamwambia usiri ni jambo zuri. Akanikonyeza.

Mayala naye: "Mwangaluka, bosi!" Salamu ya asubuhi, ya Kisukuma, kwa sauti laini. Bosi! Jumatatu alinilinganisha na gari bovu.

Mchana nikaelewa kwamba kuna jambo. Mayala anachimba. Upande wake wa uzio, hatua chache tu kutoka kwenye turubai langu. Nilimuuliza anachimba nini. Akasema choo. Choo, chini ya dirisha la sebule! Nikamwambia hongera. Akasema asante. Hakuacha kuchimba.

Sasa nimekaa nikifikiri. Mayala amekula miaka machimboni. Anajua udongo. Mtu mwenye uzoefu kama Mayala hachimbi bure. Ameona kitu. Na alichokiona kinaelekea kwangu!

Nimeingia ndani ya turubai, peku, nikachota udongo wa duara la Vumilia na kuutazama juani. Unameta. Si sana. Lakini unameta.

Ijumaa, 15 Novemba

Mwenye duara alikuwa shule, nikaanza kazi mapema. Kufika adhuhuri nilikuwa mpaka kifuani.

Vumilia aliporudi alisimama ukingoni. Akauliza nani aliniruhusu. Nikamweleza kwa upole kwamba mradi umepanuka na sasa uko chini ya usimamizi wa watu wazima, yeye aende kwenye ndege. Akasema hapana. Hapana! Mtoto huyu hajawahi kuniambia hapana tangu azaliwe. Akalia, akapiga mguu chini, akasema duara ni lake na mimi ni mvamizi. Elieth akaja kuwa wakili. Akasema duara lina mwenyewe, na mtu akitaka kazi anaomba.

Nikaomba kazi. Kidiplomasia tu. Vumilia akaniuliza kama mimi ni mlevi. Nikasema hapana. Akaniuliza kama ninaogopa giza. Nikasema kidogo. Akaniajiri, akanifukuza kwa uvivu, akaniajiri tena nilipoahidi kubadilika. Vijana watatu wa uzioni nao aliwasaili mmoja mmoja. Mmoja alikataliwa kwa kucheka. Wawili walivuta ndoo mpaka jioni, na Elieth akawa karasha, mashine ya kusagia mawe, anatwanga kwa mtwangio wa Paskalina na kunguruma mwenyewe. Mwenye duara alikuwa na mwanasesere wa gunzi mgongoni. Alitoa amri mpaka sauti ikakauka.

Nilikosa muda wa kuitazama ratiba. Nilikuwa nasikiliza udongo. Sululu ya Mayala inasikika wazi, inakaribia. Nimeanza kukata pembeni kuelekea kwake. Yeye akinifikia kabla sijamfikia, nimekwisha.

Jiko limeinama kidogo upande wa duara. Kidogo tu. Na mvua imeanza.

Jumamosi, 16 Novemba

Kumepambazuka duara lina maji mpaka kiunoni. Niliingia hivyo hivyo. Sululu yangu ikagonga ukuta wa udongo, ukaporomoka, na mbele yangu pakatokea uso wa Mayala, umejaa tope, umbali wa kupigana busu.

Akaniuliza nimepata kiasi gani. Nikamuuliza yeye amepata kiasi gani. Akasema, "Usinifanye mtoto, Otmar. Mtu anaweka turubai, anakaa mlangoni, binti anatoka amefumba kiganja. Mimi nimekaa machimboni, najua maana yake!"

Nikamwambia mimi nimechimba kwa sababu yeye amechimba. Akasema yeye amechimba kwa sababu mimi nimeweka turubai. Nikamwambia turubai lilikuwa la kuficha boksi, kwa sababu ya boksi lake la friji. Akasema boksi la friji lina kuku.

Maji yalikuwa baridi.

Juu yetu nikasikia, "Hodi hodi!" Mwalimu Martina! Jumamosi! Nimesahau! Kona haijafagiliwa, ndege imelowa na kulala kifudifudi, rubani hajafanya mazoezi! Nikashika ukingo nipande. Uso wa Vumilia ukatokea. Akasema hakuna anayetoka kabla filimbi haijalia. Filimbi ilikuwa ya Elieth, na Elieth alikuwa anakunywa uji.

Yaliyofuata niliyasikia kutoka chini, roho mkononi. Vumilia alisema, "Shikamoo mwalimu. Vua viatu." Nikafumba macho: darasa la awali, mwaka mwingine. Kisha nikaona miguu mitupu ya Mwalimu Martina ukingoni. Akauliza kama kuna kazi. Vumilia akasema anahitajika mama ntilie, wachimbaji wana njaa na wameanza kugombana. Mwalimu akapika ugali wa tope kwenye mfuniko. Vumilia akaonja, akasema haujaiva, ukiwa hivi tena wachimbaji watahama. Mwalimu akaomba radhi. Vumilia akamlaza mwanasesere wake kwenye karai, akamwimbia, akamweleza kwamba mama akipata mali atamnunulia dawa ya kikohozi na ng'ombe.

Hatimaye mwalimu alichungulia shimoni. Akauliza hawa wawili ni akina nani.

"Wachimbaji wangu," Vumilia akasema. "Ni wabishi, lakini wanajifunza."

Filimbi ilipolia, tukapanda. Mwalimu Martina alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akasema mtoto yuko tayari kwa darasa la kwanza, hana shaka hata kidogo. Akaniuliza nilifanya nini. Nikaanza na ratiba, sehemu ya urubani. Akanikatisha, akasema alichoona ni kwamba nilikaa shimoni nikamwacha aongoze. Akasema niendelee hivyo hivyo.

Mayala akanong'ona tufukie kimya kimya kabla Paskalina hajarudi. Nikakubali. Vumilia amefaulu! Nilimbeba mabegani kuzunguka uwanja, naye akaniagiza nipunguze mwendo, ana mtoto mchanga mgongoni.

Jumapili, 17 Novemba

Paskalina amerudi. Ameliona jiko kwanza, kisha duara, ambalo lilikuwa limefukiwa nusu, kisha mtwangio wake. Nimemweleza matokeo ya mtoto. Amemkumbatia Vumilia kwa muda mrefu. Mimi hakunikumbatia. Amesema, "Nilikuambia umwache tu acheze," akaenda kulala.

Nimetafakari wiki nzima kwa utulivu. Ushindi umetokana na maandalizi. Kwa hiyo nimeandaa ratiba mpya, iliyoboreshwa: kucheza kwa hiari, kila siku, lazima. Kubuni, saa tisa kamili. Kucheka, baada ya kubuni. Nimemsomea Vumilia mstari kwa mstari. Alisimama ukutani, akakunja mikono, akanisikiliza mpaka mwisho bila neno. Nidhamu nzuri sana. Nilipogeuka kuchukua msumari, hakuwepo. Minyaa ilikuwa inatikisika.

Ratiba nimeibandika palepale, na kwa kuwa Mayala ana tabia ya kuiga, nimeizungushia turubai pande zote na kulifunga vizuri.

Nyongeza, jioni. Edward amepita na pikipiki kuuliza hali ya shemeji. Vijana wamerudi uzioni, safari hii wapo watano. Na sasa hivi, ninapoandika, nasikia sululu ya Mayala. Tulikubaliana kufukia. Nimesimama juu ya ndoo nikachungulia. Hafukii. Anachimba.

Nimekaa tena. Nimefikiri. Mtu mwenye uzoefu kama Mayala hachimbi bure.

Paskalina bado amelala. Nimevua viatu.