Ombi la Kufutiwa Ukali wa Mbili Nukta Saba

Mtaa wa Wafinyanzi,
Kokand.
Jumatatu.

Kwa Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Vipimo vya Mitihani,

Baada ya kukusalimu wewe, mkeo, na mama yake mkeo ambaye nasikia yu hai na hupenda kuwatembelea, naomba nieleze shida yangu. Naitwa Muqaddas Ergasheva, mjane, mwalimu mstaafu wa darasa la tatu, na mama mzazi wa mfanyakazi wako Elyor, yule mrefu anayesahau kula. Sina ugomvi na mwanangu. Ugomvi wangu ni na namba.

Elyor ana miaka thelathini na mmoja na hajaoa. Mwaka huu mimi na mdogo wangu Zumrad tulianza kuzunguka kwenye nyumba zenye mabinti, kama ada inavyotaka: unabisha hodi, unakaribishwa, binti analeta chai, nawe unatafuna zabibu kavu huku macho yakifanya kazi. Tulikwenda nyumba kumi na mbili. Elyor alitupa kila mmoja karatasi ya maswali ishirini kwa kila binti. Je, ameinama vizuri akisalimu? Je, viatu vya wageni amevigeuza vitazame nje? Je, karoti za pilau amezikata nyembamba? Ndiyo ni moja, hapana ni sifuri. "Mama," aliniambia, "nyinyi andikeni mnachokiona tu, mengine niachieni mimi." Nikamwachia. Hapo ndipo nilipokosea.

Malalamiko yangu ni haya.

La kwanza. Elyor hakujumlisha. Nimefundisha miaka ishirini na minane, na alama nilikuwa najumlisha, na watoto wa watu wamekuwa madaktari. Yeye anasema kujumlisha peke yake hakutoshi, kwa sababu maswali hayana uzito sawa, na wapimaji nao hawako sawa. Nasikia ndivyo mnavyofanya kwenye insha: insha moja inasomwa na walimu wawili, kompyuta inatafuta nani mkali na nani mpole, kisha mwanafunzi aliyeangukia mikononi mwa mkali anaongezewa. Kwenye insha sina neno. Lakini mimi si msahihishaji wa insha. Mimi ni mama wa bwana harusi, na ukali ndiyo kazi yenyewe.

Matokeo yakatoka, sifuri ikiwa ni mpimaji wa wastani. Zumrad: ukali hasi moja nukta tisa. Mimi: mbili nukta saba. Zumrad alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, nyani haoni kundule," akasema, mbele ya mwanangu. Huyu Zumrad, Ndugu Mkuu, ndiye aliyempa moja binti aliyemwaga mchuzi kwenye zulia, akininong'oneza, "Maskini, mkono umemteleza, lakini umeona anavyojua kufuta?"

La pili linahusu chai. Kwetu mgeni anayeheshimiwa humiminiwa chai kidogo, ili amiminiwe tena na tena. Kikombe kikijaa pomoni, mwenye nyumba anakwambia kwa adabu zake zote: kunywa, uende zako. Mabinti watano walinijazia kikombe. Wote niliwapa sifuri. Wa tano, Oydin binti Barno, alinijazia mpaka chai ikasimama juu ya ukingo bila kumwagika, nami nikampa sifuri hiyo na nyingine kumi na nne za kuisindikiza.

Sasa Elyor anasema watano hao ndio walioongoza katika maswali mengine, ukishaondoa ukali wangu. Swali linalowaangusha hodari na kuwapitisha goigoi, anasema, limesimama kichwa chini miguu juu, na lazima litafutiwe sababu. Akaenda kumuuliza Zumrad kilichotokea katika nyumba hizo tano. Zumrad hajawahi kulala na siri. Akamweleza kwamba ni katika nyumba hizo tano tu nilipopitisha kidole juu ya fremu ya mlango kutafuta vumbi kabla sijaketi. "Mama," akasema mwanangu bila hata kuinua macho kutoka kwenye kompyuta, "swali hili halimpimi binti. Linakupima wewe."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakuitaja kompyuta popote.

La tatu, na hili ndilo zito. Oydin, mwenye sifuri kumi na tano kwa mkono wangu, baada ya hesabu za Elyor amekuwa wa kwanza. Na Elyor anamtaka. Wamekutana mara mbili bustanini, na tangu hapo hajasahau kula hata siku moja, tena anamaliza sahani na kuomba nyingine. Wazazi wa binti wanasubiri mpaka Alhamisi tu, kwa sababu kuna watu wa Rishton wanaobisha hodi kila kukicha. Nisipokwenda Alhamisi kuvunja mkate wa uchumba pamoja na mama yake, posa imekwisha. "Bila wewe siendi, Mama," anasema Elyor. "Lakini na kwingine siendi." Hasemi kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kumjibu.

La nne. Usinidhanie kuwa naipinga sayansi. Niliitumia. Kina mama wa mtaani tuna kawaida ya kukutana kila mwezi na kula kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Safari hii ilikuwa zamu yangu. Baada ya pilau niliwagawia wote kumi na mmoja karatasi, wapime ukali wangu toka sifuri hadi kumi, kwa siri na bila upendeleo. Wote waliandika sifuri. Nilihakikisha mwenyewe, nikipita nyuma yao mmoja mmoja. Hojar aliandika tatu, lakini alikuwa amekosea, akarekebisha.

Elyor alizipitia karatasi hizo moja moja. Akasema majibu yanayofanana kiasi hicho hupatikana pale watu wanaponakiliana au wanapomwogopa msimamizi. Nikamuuliza wanamwogopa nani. Akajaza mdomo pilau.

La tano. Kama namba haifutiki, basi ipimwe kwa haki. Kunilinganisha na Zumrad si haki. Ukiweka kijiko kando ya Zumrad, kijiko kitaonekana kisu. Napendekeza uanzishwe mtihani wa taifa wa mama wakwe. Kila mwanamke mwenye mtoto wa kiume aliyevuka miaka ishirini na mitano aufanye, wenye sehemu ya kuandika na sehemu ya vitendo, na apewe cheti cha miaka mitatu. Mabinti wasiruhusiwe kusimamia. Kamati ya kutunga maswali niko tayari kuiongoza. Tena, kwa kuwa nasikia zamani ilikuwepo kilo moja halisi iliyofungiwa kabatini ili kilo nyingine zote zifananishwe nayo, pachaguliwe na mama mkwe mmoja halisi, atunzwe Tashkent penye ubaridi wa wastani, wengine wote wapimwe kwake. Mimi niko tayari kutunzwa.

Ndugu Mkuu, nitasema na lililo moyoni, maana kwenye barua hunioni uso. Naogopa. Nyumba hii tuko wawili tu. Binti anayethubutu kunijazia kikombe mbele ya mama yake hawezi kuniogopa, na mkwe asiyeniogopa sijui nitaishi naye vipi. Njia nyingine sikufundishwa.

Kwa hiyo naomba namba ifutwe, au igawanywe kwa mbili, au Zumrad abebe nusu. Nisalimie wafanyakazi wote wa kitengo, mlinzi wa getini, na yule mama wa kantini. Huyo wa kantini mwambie kwamba Elyor aliniletea sambusa zake na kitunguu kilikuwa haba. Huo si ukali, ni taarifa.

Ni mimi, niliyepimwa bila kuandikishwa,

Muqaddas Ergasheva

N.B. Leo ni Jumatano. Barua ilikaa mezani siku mbili ikisubiri stempu, na jana nilimpa Elyor karatasi nyingine tatu. Nilimwambia ni za wake wa ndugu watatu wa nyumba moja huko Margilan, waliopimwa na bibi mmoja mtu mzima. Sikumwambia kwamba bibi huyo ni marehemu Saodat, mama mkwe wangu, wala kwamba wake hao ni mimi na wake wa shemeji zangu, katika mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Nilizijaza kama Saodat alivyokuwa akituhukumu. Sijasahau hata swali moja. Wenzangu walipata sifuri tupu. Mimi nilipata mbili.

Elyor alikokotoa, akatafuna kalamu, akakokotoa tena. "Mama, huyu mpimaji ni wa kufungiwa ofisi," akasema. "Kwenye mizani yetu anavuka nne." Kisha akaweka kidole kwenye karatasi yangu. "Lakini huyu wa katikati ni binti hodari kweli. Hizo mbili alizopata ni zile zinazowashinda karibu wote. Angepata mpimaji wa haki, angempita hata Oydin. Kuna mtu aliyewahi kumwambia?"

Nikamwambia hapana, hakuna aliyewahi.

Namba yangu iacheni ilivyo, Ndugu Mkuu. Kesho Elyor hatakuja kazini. Tunakwenda kuvunja mkate.