Mwandiko wa Babu Polikarp

Jumamosi, 7 Juni 2025
Hili sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Daftari la ubatizo la kigango chetu, tangu Januari, naliandika mimi! Katekista ni Babu Polikarp. Mkono wake wa kulia unatetemeka hata akiwa amekaa tu, na herufi zake zimekuwa sisimizi. Aliogopa paroko akiona atampumzisha. Nikaiga mwandiko wake wa zamani, mpaka ile P yenye mkia. Watoto kumi na tisa tayari. Na mimi ndiye nisiyethubutu kusoma somo la kwanza mbele za watu.

Jumatatu, 9 Juni
Madaktari bingwa wamefika hospitali ya mjini kwa siku tano. Binamu yangu Urbano, aliyemaliza kidato cha sita na sasa anajiona daktari, anasema Babu ana uzee tu. Nikasema ni Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili, nimesoma. Akauliza nimesoma wapi, kwenye kanga? Babu akamwambia amwache mke wake (ndivyo anavyoniita). Mpango: nitamsindikiza na kumkabidhi daktari ugonjwa ukiwa na jina kabisa. Urbano atakoma.

Jumanne, 10 Juni
Balaa. Babu kapigwa picha ya ubongo, CT scan. Haina kasoro. Urbano akatangaza mpaka kwa mama muuza samaki wa migebuka. Nilimjibu vikali sana, moyoni.
Kumbe! Dokta Victoria, mmoja wa mabingwa, akasema picha ile ni ya kuhakikisha hakuna kiharusi wala uvimbe. Parkinson haionekani humo. Ipo picha nyingine maalumu, lakini haiko karibu, na hata hiyo haimalizi ubishi. Yeye huangalia mtu anavyotembea, anavyogongesha vidole, anavyoandika. Akauliza habari za kunusa. Babu akakiri mwaka wa pili sasa pombe ya ulezi inachacha mbele yake asijue. Hiyo nayo ni dalili, nimesoma; nilitaka kupiga makofi!
Kisha akataka maandishi yake ya miaka iliyopita na ya sasa. Urbano, mjuaji, akadakia: daftari la ubatizo lipo!


Jumatano, 11 Juni
Alfajiri nikalizika daftari kwenye gunia la ulezi. Mama akalifukua akichota wa uji. Asante Mama.
Dokta akamwambia Babu aandike jina lake. Sisimizi. Akafungua daftari, Jumapili iliyopita: herufi nono! Akakunja uso. Parkinson haiingii kwa siku tatu, akasema. Huenda ni kitu kingine. Dawa zisianze, aende Mbeya kupimwa upya.
Babu akanitazama, akamwitikia dokta kwa kichwa. Yuko tayari kubeba ugonjwa usio wake ili mimi nisiumbuke!
Nikasimama. Sauti ikatoka kama ya mbuzi. Nikasema yote kwa Kiswahili, halafu, sijui kwa nini, nikarudia kwa Kiingereza. Dokta akanipa kalamu niandike "Polikarp". Nikaandika, na mkia juu. Alicheka hadi miwani ikateleza. Akarudi nyuma kwenye kurasa za Babu mwenyewe: mwaka hadi mwaka, herufi zinanywea. Ni Parkinson, akasema, na dawa zianze leo.
Nilikuwa sahihi! Hakuna aliyenipongeza.

Jumapili, 29 Juni
Dawa zimemkubali Babu. Anafunga vifungo mwenyewe. Paroko hakumpumzisha, ila daftari sasa ataliandika Urbano. Urbano! Mwandiko kama kuku kapita. Nimeapa sitaghushi tena.
Shida ni moja. Hospitali walimpa Babu kadaftari: mstari mmoja kila siku, kwa mkono wake, waone kama dozi inamtosha. Akaenda Muze kwa dada yake siku sita, akakasahau hapa. Kesho ni kliniki, na siku sita tupu! Watamgombeza, mzee wa watu. Kwa hiyo nazijaza mimi. Nakuza herufi kidogo kidogo kila siku, kitaalamu kabisa, ili dokta wa kliniki afurahi. Imebaki ya jana tu.
Nyayo! Zamani Babu nilimjua kwa ndala zinazokokotwa tangu uani. Siku hizi anatembea kama watu wengine, huwezi kujua ni yeye au ni Mama. Ziko mlangoni. Vidaftari vyote viwili chini ya godoro, har