Gari Lililoshuka Mlima Kimya Kimya

"Mimi Lonnie Pruitt," alijigamba kwenye duka la donati pale Glendale, sukari imemjaa sharubuni, "hajazaliwa wa kuniacha nitembee kwa miguu katika mji huu wa Los Angeles!"

Televisheni ya dukani ilikuwa inaonyesha mazishi. Watu wazima, suti nyeusi, leso mkononi, kilio. Na marehemu ni gari. Kampuni moja kubwa ilikuwa imeunda magari ya umeme ya majaribio, ikayakodisha bila kuuza hata moja, kisha ikayaita yote nyumbani na kuyaponda kama makopo ya soda.

Lonnie akaacha kutafuna. Mtu anayelilia gari, akawaza, hahitaji kushawishiwa. Anahitaji kuletewa.

Chuo kimoja cha ufundi kilikuwa kimeachiwa bodi tupu ya gari mojawapo kati ya hayo, ya kufundishia: mota imeng'olewa, betri hakuna. Lonnie akaenda kavaa miwani ya jua, akajitambulisha kuwa mtu wa filamu. Mjini kule ukitaja filamu hata makaburi hufunguliwa. Akaazimwa bodi kwa siku mbili, na kahawa juu.

Windo lake lilikuwa Bi Verna Tollefson, mjane wa miaka sabini na mmoja, aliyelia mazishini kuliko wafiwa wote. Gereji yake ilikuwa na gari jekundu la mwaka 1957 la marehemu mumewe, lina mapezi nyuma kama papa. Kule Las Vegas kulikuwa na tajiri anayelitafuta gari la namna hiyo kwa udi na uvumba.

Basi bodi ikavutwa hadi kileleni mwa mtaa wa Bi Verna, pale mteremko unapoanzia. Bibi akaingia, akafunga mkanda. Lonnie akaachia breki ya mkono na gari, kwa uwezo wa Mungu, likaanza kwenda.

"Mama, unasikia kitu?"

"Sisikii kitu."

"Umeme huo!"

"Ajabu," alisema bibi. "Kimya kabisa."

"Ndilo la mwisho duniani, mama yangu. Wengine wananililia, lakini nimeona wewe ndiye mwenye mapenzi."

Walipofika bondeni bibi akafuta machozi. "Sasa tupandishe turudi."

"Eh! Betri ya siku nyingi, mama, tusiichoshe. Vipi, tubadilishane? Hili kwako, lile jekundu kwangu."

Bi Verna akatoa mkobani karatasi, kurasa kumi na mbili. "Ya kawaida tu, mwanangu. Mimi na karatasi, uzee huo."

Lonnie akasaini juu ya boneti huku anapiga mluzi. Kusoma ni kazi ya wenye nafasi.

Tajiri wa Vegas akasema gari atalichukua, ila limechakaa. Lonnie hakusita: akauza kigari chake mwenyewe, akanunua matairi mapya, akapaka rangi, akashona viti upya, akang'arisha vyuma hadi ukajiona meno. Asubuhi ya safari akatoka nje na begi lake. Akakuta gari jekundu limeshapandishwa kwenye lori la kuvuta magari, na Bi Verna kakaa mbele kama malkia.

"Mama! Gari langu hilo!"

"Lako? Umelikodi, kijana. Kifungu cha tisa: mwenye gari ataliita siku yoyote apendayo, na matengenezo yote ni juu ya aliyekodi. Nimeunakili mkataba walionisainisha mimi wale wa kampuni ya magari ya umeme, nikabadilisha majina tu."

"Na la umeme je?"

"Chuo kimeshalichukua; muhuri wao ulikuwa chini ya kiti, niliwapigia jioni ileile. Miaka mitatu nimeliendesha gari kama lile. Likienda linaimba kama mbu. La kwako lilikuwa kimya kama ukuta." Akaegemea dirishani. "Viti umeshona vizuri. Marehemu angefurahi."

Lori likaondoka. Lonnie akaweka begi begani na kuanza kutembea, maili kumi na moja hadi lile duka la donati, juani, katika mji ambao hata jirani hutembelewa kwa gari.

Mimi, jamani, sikuwepo. Haya yote nimesimuliwa, na matapeli siwajui hata kwa salamu. Ndivyo nilivyokuwa nawaapia watu pale dukani, pindi Bi Verna mwenyewe alipoingia kununua donati, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Ahaa, si wewe uliyekuwa unalisukuma lile gari nyuma pale kileleni? Mgongo umepona?"