Bomba Lililozinduliwa Mara Nne

Wewe. Usitazame pembeni, nakusema wewe. Ulipita pale zahanati, ukamwona mkunga anamwosha mtoto mchanga kwa maji ya chupa ya soda, ukajifanya unasoma simu. Mimi nakumbuka. Nakumbuka pia kwamba bomba la pale lilishazinduliwa mara tatu, mawaziri watatu, mikasi mitatu, na halikuwahi kutoa hata chozi. Maji yake yalielekezwa wapi? Kayaulize mawaridi ya Diwani, ukuta kwa ukuta na zahanati, yanavyooga mchana kutwa.

Basi waziri wa nne akatangaza anakuja, na huyu alitaka kuyaona maji kwa macho yake. Diwani akaanza kutokwa jasho. Na jasho la mkubwa, Injinia hulinusa kutoka mtaa wa tatu.

Injinia hakuwa injinia. Alikuwa na kofia ngumu ya njano aliyoipata mnadani, na ulimi uliopakwa mafuta. Akaingia ofisini bila hodi.

"Mheshimiwa, unataka maji?"

"Nayataka, ndugu yangu! Alhamisi!"

"Huyataki. Unachotaka ni bomba lionekane linatoa maji. Hayo ni mambo mawili."

Mpango ukawa hivi: boza, lile lori la kubebea maji, lifichwe nyuma ya zahanati, mpira uzikwe ardhini hadi bombani. Waziri hukaa nusu saa. Boza lina uhai wa saa nzima. Ujira wa Injinia? Pikipiki mpya ya ofisi, sherehe ikiisha.

Alhamisi utepe ukakatwa, bomba likakohoa, maji yakaruka. Vigelegele! Diwani akadondosha machozi ya uzalendo. Ndipo mkunga akaomba kipaza sauti. Mama huyu alikuwa amejikwaa kwenye ule mpira asubuhi, pale unapochomoza karibu na boza, akienda kumwaga taka, akatulia kama maji mtungini.

"Baba Waziri, furaha imetuzidi. Tunaomba bomba lisifungwe mpaka kila mama ajaze ndoo yake."

Waziri akazitazama kamera. "Lisifungwe! Hilo ni agizo! Nami sibanduki hapa mpaka ndoo ya mwisho!"

Lo! Ndoo zilimiminika kama siafu. Madumu, mabeseni, masufuria. Kuna bibi alikuja na pipa, analisukuma kwa mguu.

"Boza limebakiza kiasi gani?" Diwani akanong'ona.

"Tumwombe Mungu, mzee."

"Lete jingine!"

"Jingine liko mbali. Maji ya karibu ni ya kwako."

"Yangu yapi?"

"Ya mawaridi."

Diwani akamsukumia ukutani. "Ruka ukuta, mwanaharamu wewe. Haraka!"

Injinia akaruka. Kwa mara ya kwanza maishani akafanya kazi ya uinjinia: akakata bomba la bustani, akauunga ule mpira. Kule mbele bomba lilikuwa limeshaanza kupiga chafya. Likanyooka, likatoa maji baridi yasiyo na mwisho. Mkunga akakinga kiganja, akaonja.

"Haya sasa ndiyo yetu."

Sherehe ilipokwisha, Injinia akaja kuchukua pikipiki yake. Akamkuta mkunga ameikalia.

"Mama, hiyo ni yangu."

"Yako wapi, mwanangu? Nimemshukuru Diwani mbele ya Waziri kwa kutupatia pikipiki ya kusambazia chanjo. Angekataa vipi, kamera zote zile? Hebu niachie na kofia. Barabarani hawataki mchezo."

Injinia akaondoka kwa miguu, kichwa wazi, anacheka peke yake kama mwendawazimu.

Lakini wewe usicheke bado. Agizo la mkubwa huishi mpaka kamera zifungwe, na Waziri ameshapanda ndege. Diwani ameonekana dukani leo, anachagua spana. Pale bombani mkunga amesimama peke yake, kofia ya njano kichwani, na wodini kuna wazazi watatu. Weka chini hii karatasi. Chukua ndoo, mwite na jirani, kaeni mbele ya lile bomba. Sasa hivi. Simu utaisoma kesho.