Bendera ya Korongo Kibarazani Kwangu

Jumatatu, Novemba 25

Siku tano. Jumamosi Nyumbu, timu yetu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Tarpley, wanakutana na Korongo wa Chuo cha Wexford, na ile bendera yao ya zambarau bado inapepea kibarazani kwangu. Mwaka wa kumi na moja! Ndivyo tulivyoahidiana mimi na Ouida Prater, jirani yangu wa uzio kwa uzio: timu yako ikifungwa, unatundika bendera ya mwenzako mlangoni mpaka mechi ya mwaka unaofuata. Aliyeleta wazo hilo ni mimi. Nilidhani nitamkomesha.

Mume wangu Hollis alipasuliwa moyo mwezi wa tatu. Leo asubuhi kakaa na kahawa yake, yule ndege wa kitambaa anampigapiga kisogoni. Akasema hana tamaa kubwa tena hapa duniani. Anataka tu anywe kahawa bila korongo, kabla hajafa. Mtu wa maneno matatu kwa siku, huyo! Nikamwambia hafi mtu hapa mpaka mimi niruhusu. Kisha nikaingia jikoni, nikasimama mbele ya sinki muda mrefu.

Haya. Kulia si kazi. Kupanga ndiyo kazi.

Nuksi ipo, na ina mahali inapokaa. Nimeanza na kofia ya Hollis. Ile ya kijani, anaivaa kila mechi, na haijaonja maji tangu aliponunua. Bahati gani itakaa kwenye jasho la juzi na la mwaka juzi? Nimeifua. Kwa dawa ya kung'arishia mashuka. Imetoka rangi ya kamasi. Hollis kaitazama mbele na nyuma, kauliza tangu lini kofia ya bahati inafuliwa. Nikamuuliza bahati ipi. Kumi na moja kwa sifuri!

Jumatano, Novemba 27

Si kofia. Nimegundua!

Ouida ana korongo wa saruji bustanini, mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu. Kila wiki ya mechi anamgeuza, mdomo uelekee dirisha langu. Miaka yote hii nimekuwa nikidhani ni pambo. Kumbe ndiye anayetumaliza!

Kila Jumatano saa nne asubuhi Ouida yuko saluni, anatengenezwa nywele zinakuwa ngumu kama zile kofia za chuma za wachezaji. Nikasubiri gari lake liishie kwenye kona. Nikaruka uzio. (Sawa, nilipita getini. Nina miaka sabini na minne.) Nikamkumbatia yule ndege kama tunacheza dansi, nikamzungusha atazame mtaro. Mwili ukageuka. Mdomo haukugeuka. Ukabaki mkononi mwangu.

Lo!

Gundi sina. Nikakimbilia nyumbani, nikachukua dawa ya Hollis ya kubandikia meno ya bandia. Nikapaka tyubu nzima. Umeshika. Umekaa kombo kidogo, kama ndege aliyepooza upande mmoja. Kwa mbali hujui.

Hollis hana tena dawa ya kubandikia, na kesho ni Sikukuu ya Shukrani. Atakula viazi vya kuponda. Si vibaya kwa moyo.

Alhamisi, Novemba 28

Nedra, binti yetu, kaja kutoka Birmingham, huku huku Alabama. Anafundisha hesabu. Ouida naye kaja, kama kila mwaka, na pai ya viazi vitamu ya dukani. Kaitoa kwenye boksi akaiweka kwenye sahani yake ya maua ili tudhani kaoka. Nimeacha shule darasa la nane, lakini pai ya boksi naijua.

Hajakaa vizuri, akaanza. Kwamba korongo wake jana kamkuta kageukia mtaro. Na kapinda uso. Labda kanusa mapishi ya mtu. Hollis akacheka, na meno ya juu yakamtoka yakatua kwenye mchuzi wa bata mzinga. Ouida akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akasema kwa ule upole wake wa sumu, “Pole, shemeji. Dawa imekuishia?”

Huyu mwanamke anajua.

Lakini hayo si kitu. Kilichoniuma kilikuja wakati wa kuosha vyombo. Nedra kaniuliza, hivi Mama, Nyumbu waliposhinda mara ya mwisho ulikuwa wapi? Nikasema sikumbuki. Nakumbuka. Nilikuwa hospitali natolewa mawe ya nyongo. Na ule mwaka tulioongoza mpaka robo ya mwisho ya mechi? Nilikuwa barabarani, gari limeniharibikia. Nikafika nyumbani, nikakaa kitini, tukafungwa kabla sijavua koti. Nedra akafuta mikono yake pole pole, kidole kwa kidole. “Mama, usinikasirikie. Nuksi ni wewe.”

Nilimzaa kwa saa kumi na tisa yule! Nimemwachia masufuria yote ayasugue.

Ijumaa, Novemba 29

Upuuzi. Nuksi haiwezi kuoka biskuti kama zangu.

Hollis ananiangalia tu. Mchana kaniambia ingekuwa vizuri kesho niende mji wa Mobile nikamtembelee dada yangu Vonceil. Nikamkumbusha kwamba Vonceil amekufa. Akasema hata kaburi linahitaji wageni.

Siendi ng'o!

Jumamosi, Novemba 30

Niandike yote kabla hawajaanza kuongeza chumvi.

Mechi tunaitazama kwa Ouida. Ana televisheni kubwa kama mlango wa ghala, tena anapenda tuumie mbele ya macho yake. Nimekaa kwenye kiti changu, sweta ya kijani, mikono magotini. Korongo kumi, sisi bila. Nikaenda jikoni kuongeza chai ya barafu. Kelele! Nyumbu wamevuka mstari, pointi sita, na teke la nyongeza, saba. Nikarudi mbio nione. Korongo wakavuka wao. Kumi na saba kwa saba. Nikaenda chooni, kwa haja yangu halali. Kelele tena! Kumi na saba kwa kumi na nne.

Kutoka chooni nikamkuta Hollis kasimama mlangoni, kavaa ile kofia ya kamasi. “Earline, mke wangu. Nakupenda. Toka.”

Na Ouida je? Ouida akapiga kofi mto wa kochi lake, mbele kabisa. Eti mzee gani anamfukuza mkewe, njoo shoga yangu, njoo ukae, nimekuwekea kamto. Miaka thelathini ya ujirani hajawahi kuniwekea kamto! Kumbe! Hata yeye anaamini nuksi ni mimi.

Sasa, kanuni ya huku anaijua kila mtu, hata mchungaji. Timu ikifunga wewe ukiwa nje ya chumba, unabaki nje. Hata nyumba ikiungua. Mimi mwenyewe mwaka tisini na nane nilimweka shemeji yangu bafuni robo mbili nzima, akatoka amekunjamana vidole. Lakini ile ilikuwa kanuni ya shemeji.

Walinipeleka chumba cha kufulia. Mimi! Hollis kashika mkono huu, Nedra ule, kama mwizi wa kuku. Wakafunga mlango. Nikakaa juu ya kikapu, nikitazamana na mashine ya kukaushia na chupi za Ouida. Za zambarau. Hata hizo!

Nyumbu wakapiga teke, mpira ukapita kati ya nguzo. Tatu. Wakapiga tena. Tatu. Ishirini kwa kumi na saba, tunaongoza! Nilikuwa nawasikia tu, kama mtu anayesikiliza harusi ya jirani. Nikafungua mlango upana wa kidole. Jicho moja tu, la kushoto, ambalo hata halioni vizuri. Korongo wakavuka mstari, pointi sita, teke la nyongeza likaenda kombo. Ishirini na tatu kwa ishirini. Nedra akapiga ukelele: “Nani kachungulia?”

Nikafunga.

Nikamsikia mtangazaji: zimebaki sekunde kumi na moja. Korongo wana mpira, wanaongoza kwa pointi tatu, kijana wao hana la kufanya ila kupiga goti na kuacha saa iishe. Mtoto wa shule ya Jumapili angeliweza. Kisha sauti ya Ouida nyuma ya mlango, asali tupu: “Toka sasa, shoga. Yamekwisha. Njoo umalizie na sisi, usikae peke yako na nguo.” Na sauti ya Hollis juu yake: “Earline! Usithubutu!”

Nikawaza. Miaka kumi na moja, na hii ya kumi na mbili wanataka waizike bila mimi? Hapana. Mimi si mtu wa kusimuliwa. Nikashika kitasa, nikavuta.

Kikabaki mkononi mwangu. Cha pili wiki hii! Nyumba ya mwanamke huyu imebandikwa kwa mate?

Nikapiga mlango kwa ngumi. Nikaupiga kwa kikapu. Nikaupiga kwa kopo la sabuni. Na huko nje ukatoka mlio, sijawahi kuusikia. Ni Ouida, kama mtu aliyekanyagwa na ng'ombe. Nikajua ni furaha yake. Nikakaa chini sakafuni. Nikawaza kahawa ya Hollis.

Hollis ndiye aliyefungua, kwa bisibisi. Machozi mpaka shingoni, meno ya juu hayapo. Nikamwambia basi mume wangu, ni kitambaa tu kile. Akasema tumeshinda. Sikumwelewa, bila meno. Akarudia mara tatu.

Kijana wao alikuwa anainama apige goti, mpira ukagonga paja ukamponyoka. Tolliver, kibonge wetu wa mstari wa mbele, mzito kama jokofu, hajagusa mpira tangu aanze kuvaa jezi, akauokota. Akakimbia yadi sitini mpaka mstarini! Nedra anasema alikimbia kama mtu anayekwenda kufungua mlango huku jiko linaungua, na Korongo wakawa wanamrukia na kuanguka, wanamrukia na kuanguka. Ishirini na sita kwa ishirini na tatu. Jimbo zima la Alabama limeona. Mimi nimeona mashine ya kukaushia nguo.

Desemba 1, Jumapili

Kanisani kijani kila benchi. Mchungaji kahubiri juu ya unyenyekevu, akiwa na soksi za kijani.

Baada ya ibada Ouida kaja na ngazi yake. Kaishusha bendera mwenyewe, kaikunja pembe kwa pembe. Ukutani pamebaki alama safi ya mraba. Sikumcheka. (Nilimcheka alipofika getini.) Na sasa Nyumbu wangu yuko kibarazani kwake, kichwa kikubwa, meno nje, anatazama barabara.

Hollis kanywa vikombe viwili. Daktari kamruhusu kimoja. Nikamwacha.

Jioni nikataka kuona marudio. Hollis kaficha rimoti! Anasema tusijaribu, huenda Tolliver akaanguka. Nikamwambia mechi imeshachezwa jana. Akasema hilo anajua, lakini kwa nini tubahatishe?

Jumanne, Desemba 10

Wanaongea. Jikoni kanisani, wakati wa kupanga vyakula vya wagonjwa, Ouida kawasimulia wanawake wote habari ya kitasa. Kwamba mwaka huu Nyumbu hawakushinda mechi, wamepewa ushindi na fundi mbaya wa milango. Kwamba Tarpley wangenipeleka Alaska wangechukua ubingwa wa taifa. Wakacheka mpaka mmoja kashika meza. Eti “Earline wa chumba cha kufulia.”

Mimi! Wakati kila mwenye akili anaona jambo lilivyokuwa. Nilipiga mlango, mpira ukaponyoka. Nilipiga tena, Tolliver kaokota. Ni nani aliyeshinda mechi ile?

Basi nikawaambia mbele ya wote: Jumamosi vyuo hivi hivi vinakutana kwenye mpira wa kikapu. Nitakaa mbele ya ile televisheni, kwenye kale kale kamto, mwanzo hadi mwisho, sitainuka hata kwa haja. Tukifungwa, bendera inarudi. Ouida akashika mkono wangu kabla sijamaliza sentensi.

Hollis niliporudi na kumwambia, aliuliza jambo moja tu. Aliuliza kama nimewahi kutazama mpira wa kikapu. Nikasema nitajifunza hapo hapo.

Jumapili, Desemba 15

Tumefungwa kwa pointi thelathini na moja.

Bendera nimeitundika mwenyewe, kwa nyundo yangu. Nilikataa ngazi yake. Imeziba ile alama vizuri, huwezi kujua kama iliwahi kutoka. Wiki mbili. Ouida kasimama uani kwake na korongo wake aliyepinda mdomo, wote wawili wananitazama. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Hollis kachukua kikombe chake na kiti, kazunguka nyuma ya nyumba. Anakunywa kahawa akitazama ukuta. Nikamfuata, nikamwambia asinune, kosa nimeshaliona. Televisheni ndiyo iliyotuangusha. Timu haiwezi kujua kama unaitazama ukiwa mbali hivyo, kwenye kochi la mtu mwingine.

Nimempigia Nedra. Nimemwambia mwakani anitafutie kiti uwanjani, mstari wa mbele kabisa, pale ambapo wachezaji watanisikia. Akauliza kama siku hiyo kule Mobile kuna mtu wa kumtembelea.