Sanrufu ya Mama Arnold

Jumatatu, 5 Mei 1997

Nimeamua. Tunanunua gari. Si pikapu, si la kuazima. Gari la kukaa watu, la ukubwa wa kati, lenye heshima yake. Baba Arnold amesema tulifikirie kwanza. Nimemwambia nimeshafikiri kwa niaba yetu wote wawili.

Sababu ni Arnold. Mwanangu wa kwanza, aliyesomea misitu Olmotonyi na kuwa wa tatu darasa zima. (Wa kwanza na wa pili walikuwa wanarudia mwaka, kwa hiyo siwahesabu.) Huko huko amempata binti. Anaitwa Marta, fundi cherehani, mtoto wa Mzee Yona, Mwarusha mwenye kahawa na migomba yake juu ya chuo. Tulipopeleka posa, Mzee Yona alitusikiliza, akatupa chai, akasema atajibu. Miezi miwili sasa. Jumamosi ya tarehe 17 ametuita tukachukue jibu, na haijulikani ni jibu gani. Arnold amekonda. Mtoto aliyekuwa anamaliza sahani mbili za ndizi nyama sasa anachokoachokoa kama mgonjwa.

Mimi najua tulipokosea. Tulipanda kwa miguu kutoka barabarani. Mtu atawapaje binti yake watu wenye vumbi mpaka magotini?

Mama Diana, jirani yangu hapa Moshono, ana gari aina ya Corona tangu Pasaka. Hiyo si sababu. Nimeandika tu.

Jumanne, 6 Mei

Yadi ya Lengai, njia ya Njiro. Zamani ukitaka gari uliandika barua wizarani, ukazeeka ukisubiri. Siku hizi yanatoka Japani, yanapangwa kama nyanya sokoni, unachagua kwa kidole. Nimevaa viatu vya kanisani.

Tumeonyeshwa Mark II mbili. Zote nyeupe, zote za mwaka mmoja, kama mapacha. Lengai, kijana mwenye miwani ya jua ingawa lilikuwa linanyesha, akasema zinatofautiana kwa daraja. Moja ni GL. Vioo vya kuzungusha kwa mkono, viti vya kitambaa cha kawaida, rimu za chuma. Springi zake zimeinuliwa kwa ajili ya barabara zetu. Nyingine ni Grande. Vioo vinne vya umeme, viti vya mahameli rangi ya damu ya mzee, rimu za spoti, kiyoyozi kinachojipimia chenyewe, na sketi chini pande zote. Gari limevaa sketi!

Halafu Lengai akabonyeza kitufe juani, yaani palipopaswa kuwa na jua. Paa likafunguka. Sanrufu. Mvua ikaniingia machoni na sikusogea.

Baba Arnold ni mwalimu mstaafu. Alitoa rula mfukoni akainama. Chini ya GL rula ilipita imesimama. Chini ya Grande ilipita imelala. Akasema kwa Mzee Yona hatufiki na hilo. Nikamwambia aache kuchungulia magari chini ya sketi, watu wanamwona.

Nikafungua mlango nipime kiti. Sauti ya mwanamke ikasema maneno ya Kijapani, taratibu, kwa adabu, kutoka ndani ya gari. Lengai hajui anasema nini. Mimi pia sijui. Lakini Corona ya Mama Diana haijawahi kumsemesha mtu.

Jumatano, 7 Mei

Baba Arnold amekesha na hesabu zake za kiualimu. Asubuhi nimekuta karatasi mezani, magari yote mawili yamepewa alama. Mafuta, vipuri, urefu kutoka chini, buti, kila kitu. GL imepata 71. Grande 54, na amepigia mstari mwekundu.

Nimesahihisha. Hakuwa ameweka alama za sanrufu. Nimeipa 30. Yule dada wa Kijapani nimempa 20 kwa upole wake. Grande imefaulu kwa 104 kati ya mia. Baba Arnold akasema haiwezekani. Nikamwambia Arnold naye waliwahi kusema haiwezekani, na tazama alivyo.

Ijumaa, 9 Mei

Limefika nyumbani. Nimelifunika shuka. Nikalifunua. Nikalifunika tena ili nilifunue.

Mama Diana alikuja kuomba chumvi. Mwanamke huyu ana duka la vyakula. Nilimpeleka kwenye gari moja kwa moja tusipotezeane muda. Akabonyeza vioo, akasema na vyake ni vinne. Nikafungua sanrufu. Akauliza mvua ikinyesha inakuwaje. Nikasema unafunga. Akauliza isiponyesha je. Nikasema unafungua. Akauliza sasa hilo tundu ni la nini hasa.

Wivu ni ugonjwa. Nilimpa chumvi, na ndizi mbivu juu yake, maana roho yangu ni nyeupe.

Jumapili, 11 Mei

Ibada ya kwanza na Grande. Tulifika mapema ili watu watukute. Redio yake haishiki stesheni za hapa, inavuma tu. Lengai anasema ilizoea za kwao. Nimeiacha ivume. Mvumo wake ni wa hali ya juu.

Baada ya ibada wazee wa usharika walipanga foleni kufungua mlango wasikie dada akiongea. Mwinjilisti alimwitikia "Amina." Nilimwona Mama Diana akiwa peke yake na Corona yake, nikamwonea huruma, nikamwambia Jumamosi aje nasi kwa Mzee Yona, apande Grande, kiti cha nyuma. Akasema atakuja na lake. Haya.

Jumatano, 14 Mei

Natengeneza mbege, pombe yetu Wachaga. Jibu la posa halipokelewi mikono mitupu, na mimi ni mtoto wa mpika mbege wa Marangu. Marehemu mama alikuwa akiinua kifuniko, wanaume wanavua kofia. Ndizi zimechemka vizuri, ulezi umemea, sebule nzima inanukia kama kwa mama.

Arnold ameleta ujumbe kutoka kwa Mzee Yona. Mvua imeichimba barabara chini ya boma lake. Magari yaachwe chuoni, tupande kwa miguu. Nimemwambia Arnold huo ni ujumbe wa watu wenye Corona. Akasema, "Mama, nakuomba." Nilimwona macho yake. Nilitaka kulia. Kwa hiyo nimeazimia zaidi. Mwanangu hataikosa familia hiyo kwa sababu ya vumbi.

Ijumaa, 16 Mei

Gauni limetoka kwa fundi. Kitenge cha zambarau, mikono imevimba kama maboga mawili mabegani. Baba Arnold aliniuliza kama nitapita mlangoni. Nikapita. Kwa ubavu.

Mbege nimeitia kwenye ndoo kubwa ya bluu yenye mfuniko. Haiendi kwenye buti, zulia la buti ni jipya. Itakaa mbele, miguuni pangu. Ikimwagika kwenye mahameli nitakufa, kwa hiyo nimefunga mfuniko kwa mpira wa baiskeli, nikazungusha mara mbili, nikakaza kwa goti. Baba Arnold akasema mbege ni ya kufunika kwa jani la mgomba, lazima ipumue, hata mtoto wa Kichaga anayetambaa anajua. Nikamwambia itapumua ikifika.

Nimefanya mazoezi ya kumwamkia bibi yake Marta. Wanamwita Koko Namnyaki. Kwao mwanamke mkubwa unamwamkia "Takwenya." Nimemwamkia mbuzi wa Mama Diana mara nane.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gazeti. Nitaelezea baadaye.

Tuliondoka saa tatu. Baba Arnold kwenye usukani, mimi mbele na ndoo, Arnold nyuma na shemeji Elimringi, ambaye ndiye msemaji wetu, na mablanketi mawili ya wakwe. Mpaka chuoni mambo yalikuwa mazuri mno. Pale Mama Diana aliegesha Corona yake chini ya misonobari, akavaa mabuti ya mvua, akaanza kupanda kwa miguu. Maskini. Nilimpungia mkono kupitia kioo cha umeme. Nikakishusha, nikakipandisha, nikakishusha.

Tulikwenda kama hatua mia mbili. Sketi ikaanza kulima. Nilisikia kabisa jembe likiingia. Kisha gari likatulia kwenye tope kama kuku anayetaga.

Wakaja vijana wa kwa Mzee Yona, sita, wakatusukuma. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ndoo ikawa inacheza miguuni pangu, inasema kluk, kluk. Elimringi aliuliza hiyo sauti ni ya nini. Nikasema ni teknolojia. Mama Diana alitupita akiwa mzima, msafi, na akatuuliza kama tunahitaji chumvi.

Tukatoka. Boma likaonekana, wazee wamekaa kwenye mabenchi, Koko mbele kabisa. Gari limepakwa tope mpaka madirishani, rimu hazionekani, sketi moja imebaki nyuma kwenye migomba. Nikaona tunaingia kama watu wasio na kitu. Kwa hiyo nikabonyeza kitufe, nikavua viatu, nikapanda juu ya kiti, nikatokeza kwenye sanrufu. Kichwa, mabega, mikono yote miwili ya gauni. Baba Arnold alikuwa anasema kitu lakini alikuwa chini. Nikapunga kama askofu. Nikapaza sauti kwa Koko: "Takwenya!"

Koko alitazama juu akaitikia kwa kwao, "Iko," kisha akawaambia wenzake kwamba tangu azaliwe, kutoka huko juu amewahi kusalimiwa na ndege tu.

Hapo ndipo mfuniko ulipotoka.

Sikuuona. Niliusikia ukipiga dashibodi, halafu kitu cha baridi chenye povu kikapanda miguuni, magotini, kikaendelea. Nikataka kushuka. Mabega yakakataa. Ile mikono ya gauni ilipanda vizuri lakini kushuka ilijifungua kama mwavuli. Nimekwama nusu juu na nusu chini. Juu natabasamu. Chini nalowa. Elimringi alikuwa anamwomba Mungu huko kwenye kiti cha nyuma. Arnold akakimbia kuufungua mlango wangu, na yule dada akaanza: maneno yake yale yale ya Kijapani, kwa adabu ile ile, tena na tena.

Koko akanyoosha fimbo. Akauliza kwa ukali ni desturi gani hii ya Wachaga, kuja na mgeni wa kike na kumwacha ndani ya gari asisalimie wazee. Atolewe, apewe kiti. Arnold akaeleza kwamba hakuna mtu. Koko akasema yeye si kiziwi.

Aliyenitoa ni Marta. Alikuja na mkasi wake wa kazi, akapanda kwenye kiti kilicholowa bila kujali sketi yake nyeupe, akafumua mikono ya gauni langu mshono kwa mshono, kama anapasua mtumba wa thamani. Akaninong'oneza, "Mama, toa pumzi." Mama. Nikaitoa. Nikateremka moja kwa moja ndani ya ndoo.

Nilimwona kidole kinatoka damu, mkasi ulimteleza. Nikasahau mengine yote. Nikakishika, nikakifunga kwa kipande cha mkono wa gauni, nikamgombeza Arnold kwa kusimama tu kama mti wa chuo wakati mwenzake ameumia.

Basi. Tukaketi. Mbege iliyobaki ilikuwa robo. Elimringi akaanza kuomba radhi, Koko akasema inatosha, nyingine imeshanywewa na gari, na gari nalo ni mgeni. Wakacheka mpaka mzee mmoja akashikwa na kikohozi. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa bila viatu, tope mpaka kiunoni, mabega nje.

Mzee Yona akasimama. Akasema alichelewesha jibu kwa sababu moja: alisikia mama wa kijana huyu ni mtu wa kujiweka juu, akaogopa binti yake ataishi kwetu kama mgeni maisha yake yote. Leo amemwona huko juu kweli. Ameona pia alivyoshuka, na alichokishika kwanza alipofika chini. Jibu ni ndiyo.

Arnold alinikumbatia na mbege yangu yote.

Jumapili, 18 Mei

Arnold amekula sahani tatu.

Mahameli inanuka. Nzi wameingia kupitia sanrufu, wamelala. Baba Arnold ameifuata ile sketi ya gari kwenye migomba. Mbuzi walikuwa wameshailalia. Ameacha rula mezani, basi.

Arnold amenieleza wazo lake kwamba yule dada pengine anasema tu mlango uko wazi. Nikacheka. Mtu hatoki Japani kote huko kuja kukuambia kitu unachokiona.

Jumanne, 20 Mei

Nimetafakari hotuba ya Mzee Yona kwa utulivu. Alisema amemwona mama wa kijana huko juu. Juu wapi? Kwenye sanrufu. Kwa GL angeniona wapi? Nilipomuuliza Baba Arnold, alitoka nje akaenda kumwagilia maua kwenye mvua.

Harusi ni Septemba. Nimepita yadi leo. Lengai anasema kuna gari linakuja, daraja la juu ya Grande, sanrufu mbili, mbele na nyuma. Nimemwambia aliwekee jina langu. Moja ya kwangu, moja ya Koko, ili asalimiwe akiwa juu kama mimi.

Gauni la harusi atalishona Marta. Nimemwagiza mikono iwe mipana zaidi. Na mbege siku hiyo nitafunga mpira mara tatu.